Nilifunga upscaler kwenye PS1, nikaanza kumshuku shemeji yangu

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Hii siyo chai. Asiyeamini aje Karatu, nitamwonyesha kidude chenyewe kwenye meza ya TV na mechi moja atacheza bure.

Nianze na mimi ili mnielewe. Ni mtunza stoo kwenye lodge moja hapa Karatu. Kazi yangu ni kushuku. Sabuni ikipungua lazima nijue imeenda wapi, na jikoni wakisema mayai yamevunjika naomba nione maganda. Mke wangu anasema tabia hiyo naileta mpaka nyumbani, na hajakosea.

Sasa nina PS1 ya tangu ujana, ile ya kijivu. Bado inasoma CD ukiisimamisha kwa ubavu. Mwenzangu wa kucheza game la mpira ni shemeji yangu Bura, mume wa dada yangu Paskalina. Bura ni dereva wa watalii. Akiwa hana safari, Jumapili tukitoka ibadani anakuja kwangu, tunakula, tunawasha game.

Zamani tulitumia TV ya chogo, ile yenye mgongo mnene. Nyaya za pedi ni fupi, kwa hiyo mnakaa kwenye vigoda karibu kabisa na kioo, magoti yanagusa meza. Na hapo Bura alikuwa ananifunga vibaya. Nne, tano. Anashangilia mpaka jirani anauliza kuna nini.

Chogo likafa.

Nikanunua flat kubwa. Kufika nyumbani naigeuza nyuma, matundu ya nyekundu, nyeupe na njano hakuna. HDMI tupu.

Nikachukua converter ya bei ya chini pale mjini. Picha ikaja imevutwa, wachezaji wafupi wanene, na ukibonyeza shuti mpira unatoka ukiwa umeshasahau. Nikamrudishia muuza duka, akaniambia TV yangu ndiyo mbovu. Sikumwamini hata kidogo.

Ndipo nikasoma humu humu jukwaani kuhusu upscaler. Kwa asiyejua, ni kiboksi kinachopokea ile picha ndogo ya game la zamani, kinaikuza bila kuivuruga, halafu kinaipeleka kwenye HDMI. Nikaagiza kwa jamaa wa Arusha. Nilimlazimisha anirekodie video kikifanya kazi huku akitaja jina langu, ndipo nikatuma pesa. Kilipofika kwa basi nilikifungulia pale pale stendi, konda akiwa shahidi. Alinicheka sana.

Wakuu, picha ilikuwa safi! Niliona mpaka nyavu za goli. Nikaifunga TV juu ukutani, nikanunua na waya za kurefusha pedi, sasa tunakaa kwenye kochi upande wa pili wa sebule kama watu wazima.

Jumapili Bura akaja. Nikamfunga tatu bila.

Nilifurahi, sitadanganya. Lakini yeye akaweka pedi chini akasema, "Shemeji, kidude chako kinachelewesha."

Nikajua yule wa Arusha kanipiga. Nikawasha game mode kwenye TV. Nikabadilishana naye pedi. Nikabadilisha waya za kurefusha, zangu kwake na zake kwangu. Nikicheza mimi na pedi yake, hakuna kinachochelewa. Akicheza yeye, anafungwa.

Jumapili nyingine hivyo hivyo. Na mambo mengine nikaanza kuyaona. Alikuwa anakataa timu zote isipokuwa yenye jezi nyekundu. Tena alikuwa anampasia mchezaji wangu kabisa, kwa roho safi, halafu anasema "aah, pedi."

Hapo akili yangu ya stoo ikaamka. Huyu mtu anafungwa makusudi.

Kwa nini afungwe makusudi? Jibu nilikuwa nalo. Mzee wetu ana shamba Endamarariek, na nilisikia Bura anataka alikodi alime ngwara, yale maharage ya huku kwetu. Anayesikilizwa na mzee kwenye mambo ya shamba ni mimi. Kwa hiyo shemeji ananilainisha. Nikasema haya, tutaona. Kila akijaribu kunisifia nilikuwa namkazia macho tu.

Mke wangu akaniambia, "Baba Elia, mtu akikufunga unanuna, akifungwa unanuna. Unataka nini?"



Sasa Jumapili moja picha ikakata katikati ya mechi. Nikainuka, nikainama nyuma ya meza kushikashika nyaya. Ile menyu ya upscaler ikatokea kwenye TV, inaandika ukubwa wa picha. Mimi siioni nilipo, nikamuuliza Bura, "Shemeji, hapo juu imeandika 1080?"

"Ndiyo, 1080. Iko sawa."

Nikatoa kichwa. Imeandika 480.

Nikamwangalia. Ameketi ametulia kabisa. Nikajiuliza, huyu ananidanganya kwa kitu kidogo namna hii ili apate nini?

Nikarudi kukaa, tukaendelea. Baada ya muda nikamtega. "Shemeji, zimebaki dakika ngapi?"

"Chache."

"Ngapi?"

"Si unaziona mwenyewe?"

"Na ni ngapi kwa ngapi?"

Akacheka. "Wewe ndiye unayenifunga, wewe ndiye unajua."

Nikasimamisha mechi. Wakuu, ile kona ya juu namba zilikuwa zinasomeka vizuri mno. Nikaenda nikasimama kando ya TV, nikaweka kidole chini ya matokeo. "Soma hapa, Bura."

Akakaza macho. Akasogea mbele kwenye kochi. Akasogea tena. Halafu akaegemea nyuma akatazama dirishani.

Ngwara zote zilinitoka kichwani. Huyu mtu hafungwi kwa sababu ya pedi wala kwa sababu ya shamba. Kwenye chogo tulikuwa tumekaa puani mwa kioo. Nimemhamishia kwenye kochi, haoni.

Na keshokutwa yake alikuwa na wageni wa kushusha kreta, kule chini bondeni kwenye wanyama.

Waliowahi kupita ile barabara ya kushuka wanaijua. Vumbi, kona, upande mmoja ukuta na upande mwingine hakuna kitu.

Nikamuuliza, "Tangu lini?"

Akasema imekuja polepole. Nikamuuliza wanyama anawaonaje, maana kazi yake ndiyo hiyo. Akasema, "Nasikiliza redio ya gari. Wenzangu wakisema simba yuko karibu na maji, naenda. Nikikuta magari yamejazana, nasimama nao. Wageni wanaona wenyewe, wanashangilia, na mimi nashangilia."

"Na barabarani?"

"Nafuata vumbi la aliye mbele."

Jamani.

Nikamuuliza kwa nini hajaenda kupima. Akakasirika. "Dereva wa utalii mwenye miwani nani atamwamini kumwona chui juu ya mti? Bosi akijua, gari anapewa mwingine kesho. Watoto wa dada yako watakula nini? Usimwambie Paskalina."

Nikamwambia mambo mawili tu. Keshokutwa aseme anaumwa. Na asipoenda kwa daktari wa macho, bosi wake nitampigia mimi. Alichukua koti lake akaondoka bila kuaga, hata mke wangu aliyekuwa anamtolea chai hakumtazama.

Jumapili iliyofuata hakuja.

Dada akanipigia. "Umemfanya nini mume wangu? Anasema hataki kusikia jina lako." Nikisema, namvunjia mtu nyumba. Nisiposema, kesho naweza kusikia gari limeanguka na ndani kuna watu. Kwa kweli niliogopa. Nilipita kwenye yadi ya kampuni yao kama naenda kununua vocha, nikahakikisha gari lake limesimama. Lilikuwepo. Siku nyingine nikapita tena, liko pale pale.

Ndipo Bura akaja mwenyewe, amevaa miwani.

Mnadhani nilifurahi? Nilishuku. Nilijua kanunua ile ya kutandikwa barabarani ili nimwache. Sikumkaribisha hata maji. Nikawasha TV, nikawasha PS1, nikamkalisha kwenye kochi lile lile. "Ngapi kwa ngapi?"

Akasoma. Akasoma na dakika. Akasoma majina ya wachezaji chini, mmoja mmoja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Halafu akasema, "Shemeji, hii TV yako ina vumbi, hamfuti?"

Akanifunga mbili moja. Nilifungwa huku machozi yananilenga, na mke wangu ni shahidi.

Dada ameshaambiwa, na alilia kidogo kisha akamgombeza sana. Daktari alisema ni kutoona mbali tu, miwani inatosha. Bosi naye alimwona nayo, akasema umependeza, basi. Hofu yote ile.

Nilichojifunza: ukimwona mtu anafanya mambo hayaeleweki, muulize mapema. Mimi nilipoteza Jumapili nyingi kumchunguza shemeji kuhusu ngwara wakati kila wiki anateremsha watu kreta haoni. Na nyie wenye ndugu madereva, wakalisheni mbali na TV muwaulize matokeo.

Wenye upscaler karibuni mtupe uzoefu, yangu inakata picha mara moja moja na bado simwamini yule wa Arusha. Na aliyewahi kumbana ndugu yake kwa jambo kama hili naomba asimulie lilivyoishia.

Bura alipotoka kreta mara ya kwanza na miwani alinipigia akiwa bado getini. Nikadhani ananipa habari za faru. Akasema, "Shemeji, nimeshuka leo nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili njia nzima. Kumbe pale pembeni ni shimo."