Wazungu Wawili wa Brannock

Baada ya uchaguzi wa mwaka 1985, wazungu thelathini na wanane walimwendea Odell Gaskins, mmoja mmoja, wakamnong'oneza kwamba wao walikuwa miongoni mwa wale wawili. Wengine walimshika bega. Mmoja alilengwalengwa na machozi. Odell alimshukuru kila aliyekuja, kwa kuwa mama yake alimlea kwa adabu, kisha akaenda nyumbani akacheka mpaka mkewe Vernice akaingiwa na hofu.

Hesabu yenyewe haikuwa na utata. Brannock ni mji mdogo wa wafua chuma kando ya mto, huko Pennsylvania, na katika kata ya pili weusi waliojiandikisha kupiga kura walikuwa kumi na saba. Odell aliwajua wote. Nusu yao alisali nao, na wanne aliwabeba kituoni kwa gari lake. Yeye na shemeji yake Rufus walikuwa hawasemezani, lakini hata Rufus aliapa mbele ya mchungaji kwamba kampigia. Odell aligombea udiwani akapata kura kumi na tisa. Toa kumi na saba, zinabaki mbili. Aliyemshinda alikuwa muuza bia mmoja ambaye baadaye alikuwa akisinzia kwenye vikao na kuzinduka wakati wa kunyoosha mkono.

Wa kwanza kabisa kujitangaza alikuwa Stan Kubiak, jirani yake wa nyumba ya pili. Huyu hakuwa mtu wa kupuuzwa. Walifanya kazi pamoja kwenye matanuri miaka kumi na tisa, wakaazimana ngazi na koleo za theluji, na siku Vernice alipotokwa na damu nyingi Odell akiwa zamu, ni Stan aliyemkimbiza hospitali akiwa amevaa kandambili kwenye baridi ya Januari. Mtu kama huyo huwezi kumwita mwongo. Kumwamini nako kulimshinda Odell. Basi akamweka kwenye orodha pamoja na wale thelathini na saba wengine, wakaendelea kuazimana ngazi.

Kwa nini alishindwa? Jibu alilolipata ni rangi. Alikaa nalo jibu hilo kama mtu anavyokaa kwenye kiti kigumu: kinaumiza, lakini angalau hujaketi chini. Hakuwa mjinga, hakuwa mvivu, hakuwa na maneno ya ovyo. Alikuwa mweusi, basi. Wenzake wakimwuliza kwa nini hagombei tena, aliwajibu kwamba Brannock haitamchagua mweusi hata malaika Gabrieli ashuke akiwa na ngozi kama yake.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alijitolea kuwa msimamizi wa kituo cha kura katika jengo la zimamoto, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyeifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeye. Alifungua saa moja asubuhi bila kuchelewa hata dakika. Akishafunga, aliibandika karatasi ya matokeo kwenye kioo cha mlango, imenyooka, gundi pembe zote nne, ili kila apitaye asome. Kiwanda kilifungwa, vijana wakahama, yeye akaendesha basi la shule mpaka akastaafu. Karatasi zake hazikuwahi kupinda.

Kisha akatokea yule seneta mweusi aliyetaka urais, na watu wakaanza kumwuliza Odell kana kwamba yeye ndiye daktari wa ugonjwa huo. Kinyozini wanamwuliza, kanisani wanamwuliza, Wamarekani watamchagua kweli? Odell aliwaambia wasijisumbue. Wazungu watawajibu wenye kura za maoni kwa upole, alisema, kisha siku yenyewe mkono utakwenda unakokujua. Vernice alichomeka bango la seneta mbele ya nyumba. Odell alilikwepa kila alipokata majani, akaacha kishungi cha nyasi kuzunguka kijiti chake.

Jioni ile ya Novemba 2008 mashine ilipotema karatasi, aliisoma mara mbili. Seneta mia mbili na kumi na nne, mpinzani wake mia na themanini na nane. Weusi wa kata ya pili wakati huo walikuwa wamebaki kumi na wanne. Maana yake wazungu mia mbili. Si wa California, si wa kwenye televisheni, ni hawa hawa aliowaita majina daftarini tangu asubuhi. Akaibandika, gundi pembe zote nne.

Nyumbani alimkuta Vernice analia, akalia naye, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Asubuhi, akiwa peke yake mezani na kahawa, ndipo jambo lenyewe lilipomfika. Kama si rangi, alijiambia, basi nilikuwa mimi. Mji ule ule ungeweza kumchagua mweusi, na ulipoletewa Odell Gaskins ukamtazama juu mpaka chini ukamkataa kwa haki. Tena kwa miaka ishirini na tatu amewapakazia ubaya watu wasio na hatia. Nchi nzima inacheza barabarani, na jikoni kwake mzee wa miaka sabini na mmoja amenyang'anywa kisingizio pekee alichokuwa nacho. Namwonea uchungu hadi leo, maana alikuwa mtu mwema, na watu wema ndio wanaokimbilia kujihukumu.

Wiki ya kuapishwa rais, alimwomba Vernice aoke pai ya viazi vitamu. Vernice akaioka kwenye bakuli la kioo aliloachiwa na mama yake. Odell akavuka theluji nalo mpaka kwa Kubiak, ambaye kwa sasa alikuwa amefiwa na mkewe Irene, akiishi kwa supu za kopo.

"Stan, nimekuja kukuomba radhi," alisema hata kabla ya kuvua kofia. "Uliponiambia ulinipigia kura, sikukuamini. Siku zote hizi."

Kubiak alilitazama bakuli kwanza. "Nilijua huniamini, mzee mwenzangu. Ulikuwa na kichwa kigumu. Nilikwambia si mambo ya rangi, hukutaka kusikia."

"Sasa yalikuwa mambo gani?"

"Wakati tu. Wakati wako ulikuwa bado. Gombea tena mwaka huu uone." Akala kipande akiwa amesimama. "Na bakuli hili silirudishi tupu, mama yangu angenilaani. Nitamrudishia Vernice limejaa, siku utakayokula kiapo."

Vernice aliposikia habari ya kugombea, hakupandisha sauti. Yeye ndiye aliyemwamini seneta tangu mwanzo, na Odell alitegemea kuungwa mkono.

"Yule wamempa Washington, Odell," alisema. "Wewe unawaomba Brannock."

Odell alisema mwanamke huyu haridhiki kwa lolote. Akajiuzulu usimamizi wa kituo, maana sheria haimruhusu mgombea kusimamia kura zake mwenyewe, na funguo za jengo la zimamoto akamkabidhi kijana wa benki. Majira yote ya joto akatembea nyumba kwa nyumba na goti lake bovu. Walimpokea vizuri ajabu. Walimkaribisha ndani, wakampa kahawa, wakamzungumzia rais mpya na watoto wake wazuri, wakasema mambo ya zamani yamepita. Bibi Petrak peke yake, mwenye miaka tisini, alimwambia mlangoni kwamba hatampigia, kwa sababu baba yake angefufuka amchape. Odell alimshukuru zaidi ya wote, na wala hakujua kwa nini.

Mpinzani wake alikuwa kijana muuza bima, Kyle Dempsey, aliyehamia Brannock miaka mitatu nyuma na ambaye kwenye mdahalo alishindwa kusema mtambo wa maji uko upande gani wa mto. Odell alisaidia kuujenga.

Ila kuna jambo Vernice alilijua na mumewe hakutaka kulijua. Rais hakutani nawe kwenye foleni ya mkate. Haji kupima uzio wako, hasemi nani aajiriwe kufagia barabara wala nani awe mkuu wa polisi. Diwani ndiye. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka wa Brannock walilifahamu hilo vizuri. Walimpa mtu mweusi fimbo ya mbali, wakalala usingizi wa wenye haki.

Siku ya uchaguzi Odell hakukaa jengo la zimamoto kusubiri. Aliona aibu kusimama pale bila funguo. Alikwenda kesho yake asubuhi, peke yake, na kabla ya kusoma chochote aliona karatasi imebandikwa upande, kipande kimoja tu cha gundi, kona moja inapepea. Akaishika kwa kidole ili isomeke vizuri.

Dempsey mia mbili na ishirini na moja. Gaskins kumi na saba.

Weusi kumi na wanne. Aliwahesabu kwa majina, kwa sauti ya chini, akiwemo Rufus, ambaye sasa walikuwa wameshapatana. Wamebaki watatu. Mwaka 1985 walikuwa wawili. Miaka ishirini na minne, rais mweusi yuko Ikulu, na Brannock imesonga mbele kwa mzungu mmoja. Alijaribu kucheka kama zamani, kicheko hakikuja. Si kwamba alikuwa amekosea zamani. Alikuwa sahihi tangu mwanzo, na alikwenda na pai kuomba radhi kwa kuwa sahihi.

Akaichomoa ile karatasi, akainyoosha, akaibandika upya pembe zote nne kwa gundi aliyoikuta kwenye meza iliyoachwa nje ya mlango. Kisha akatembea, goti likimuuma, akapita nyumba yake mwenyewe bila kuingia, akagonga kwa Kubiak.

Stan alifungua mlango maneno yakiwa tayari mdomoni. "Odell, nilikupigia. Naapa kwa kaburi la Irene."

Huenda alisema kweli. Kati ya watatu, mmoja aweza kuwa yeye. Odell alimtazama usoni yule mtu aliyemwokolea mke kwa kandambili kwenye theluji, akatafuta mahali pa kuuweka ukweli huo, kama ni ukweli, asipaone. Palikuwa pamejaa.

"Najua, Stan. Wewe na mji mzima," alisema. "Nimefuata bakuli la Vernice."

"Bado sijalijaza."

"Nipe hivyo hivyo."