Rangi Ambayo Mama Aliijua

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau na imekataa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, hapa hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, na siku hiyo nilimfunga mama yangu mdomo mbele ya watu. Tangu hapo natafuta jina la rangi moja, na mpaka leo, na mvi zote hizi, sijalipata.

Tulikuwa wasichana tisa katika foyer ya parokia, pale walipotufundisha kushona na kudarizi. Mwalimu wetu alikuwa mtawa mzungu, Masœur Maite, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyekula sombe, kisamvu chetu, kwa pilipili kutuzidi sisi. Wengi walidhani ni Mhispania, na ukimwita hivyo alinuna hadi jioni. Yeye alikuwa Mbaski. Watu wake, alituambia, wanakaa milimani na pwani, kati ya Hispania na Ufaransa, na lugha yao haina ndugu popote duniani.

Nyuzi zetu zilikaa katika sanduku la mbao, na sharti la Masœur lilikuwa hili: hupewi uzi mpaka utaje rangi yake kwa Kibaski, kisha kwa lugha ya mama yako. Uzi mwekundu ni gorri. Mweusi ni beltz, wa manjano ni hori. Mweupe ni zuri, na hilo lilitufurahisha sana, maana tuliona tunausifu uzi wenyewe. Wa kijani ni berde, neno ambalo mwenyewe alikiri kwamba waliliazima kwa jirani zao Wahispania, kama sisi tulivyoazima bleu, yaani buluu, kwa Wabelgiji. Halafu kulikuwa na urdin. Siku hizi, alisema, urdin ni rangi ya mbingu na bahari, lakini mama yake mzazi aliitumia hata kwa mvi za mumewe. Majina yetu ya rangi aliyaandika katika daftari, yakipangwa kando ya yale ya kwao.

Mimi ilipofika zamu ya Kibembe, lugha ya mama yangu, nilijidai nimesahau. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu ya sekondari, mwanangu, nina Kifaransa mdomoni, na kichwa kimevimba. Ungeniona ungecheka, au ungenizaba kibao.

Basi siku hiyo mama alikuja. Alikuwa mtoto wa ufukweni aliyeolewa milimani, upande wa Kilembwe, na alishuka, njia nyingine kwa miguu na nyingine juu ya lori, na kitunga cha muhogo mkavu kichwani. Alitaka kuona kitambaa cha meza nilichokuwa nadarizi. Aliingia na vumbi hadi magotini, kitenge kimepauka. Wenzangu walimpokea mzigo, wakamsalimia kwa heshima zote. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Ndiyo, nasema ukweli: nilimwonea haya mama aliyenizaa.

Masœur alifurahi kweli. Alifungua sanduku, akatoa bobini ya uzi ambao hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuutaja kwa Kibembe. Haukuwa bleu hasa, wala haukuwa kijivu hasa.

"Mama, kwenu munaita iyi rangi namna gani?"

Mama aliuzungusha ule uzi kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu. Kisha akaniinamia mimi na kusema kwa Kibembe, kwa sauti ndogo, kama mtu anayempa mwanawe kitu cha siri. Alitaja neno. Akaeleza kwamba ndiyo rangi ya ziwa alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya rasi ya Ubwari, alivyoliona alipokuwa mdogo. Maelezo yake niliyasikia. Neno lenyewe sikulishika, kwa sababu sikulitaka.

"Anasema nini?" Masœur aliniuliza, kalamu mkononi.

"Hajue, Masœur. Bantu ya kule hawajue barangi."

Mama hakukizungumza Kiswahili vizuri, lakini kukisikia alikisikia: neno kwa neno alinisikia nikisema watu wa kwao hawajui rangi. Alirudisha bobini sandukuni taratibu, akaficha mkono ndani ya kitenge, kisha akaaga. Kitambaa changu hakukitazama.

Alipoondoka, Masœur aliwatoa wenzangu nje. Nilingoja kelele zake za kila siku, lakini safari hii aliongea kwa sauti ya chini.

"Muntu mwenye hajue hachekake vile," aliniambia, akimaanisha lile tabasamu la mama.

Kisha akanieleza habari ya pete. Alipokuwa mdogo, Kibaski kilikatazwa shuleni kwao. Mtoto aliyeponyokwa na neno moja alipewa pete ya chuma, akaishika mpaka amsikie mwenzake akikosea, amkabidhi. Aliyekutwa nayo mwisho wa siku alichapwa fimbo. Siku moja mama yake alikuja hadi kwenye uzio wa shule, amemletea mkate, akamwita kwa Kibaski. Yeye aliiogopa pete. Akageuza uso, kana kwamba anaitwa na mtu asiyemjua. Mama yake aliacha mkate juu ya jiwe akaenda zake.

"Mi walikuwa wananipiga," Masœur alisema. "We, nani alikupiga?"

Katika daftari aliacha mstari mtupu, akanipa ile bobini na kuniagiza nikamuulize mama. Niliona aibu. Nilikwenda baada ya miezi, Noeli. Nikamkuta anamenya muhogo, nikamwonyesha uzi, nikamuuliza. Mama alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Barangi? Mi sijue barangi. We mwenyewe ulisema."

Nilidhani nitamuuliza tena akiwa amenisamehe zaidi. Vita vikaja, tukavuka ziwa, na mama tukamzika katika kambi ya wakimbizi, ng'ambo, pamoja na neno lake.

Siku hizi nina cherehani yangu karibu na soko, na siku nyingine napeleka nguo za wateja hadi Lusenda, upande huu huu wa ziwa. Nikiona mama mzee wa milimani, natoa bobini, nayo imechakaa. Wengi wananiambia "bleu." Mmoja alinipa neno la Kibembe, tamu kabisa, lakini sikio langu lilijua kwamba silo. Nawe unaona dunia ilivyo: alfajiri nikisimama ufukweni, naweza kuliita ziwa letu kwa lugha ya watu ambao sijawahi kufika kwao. Urdin. Kwa lugha ya mama yangu nanyamaza.

Kwa hiyo nisikilize. Kama mama aliyekuzaa bado anapumua, usingoje likizo, usingoje upate nafasi. Kaa karibu naye, muulize anaitaje hiki na kile, na akikuambia, sema naye jina hilo mpaka litulie kinywani mwako. Na akiingia mahali ulipo na vumbi miguuni, simama umtambulishe wewe, kabla mwingine hajauliza ni nani. Haya ya siku moja inapita. Hii yangu haikupita.

Mungu akutunzie wazee wako, akupe sikio la kuwasikia wakingali wanasema, na watoto wako wasikuonee haya. Na ukikutana na bibi wa pande za Kilembwe aliyekulia ufukweni, mwonyeshe ziwa kabla ya jua. Akikupa jina, njoo upesi uniambie.