Zege Nyepesi Juu ya Jiko la Mama

Jumamosi ile nilifika kwa Mama, mtaani Kabiria, kabla ya saa sita. Nilimkuta jikoni na wanawake watatu wa kanisani wakimenya viazi. Nilipoinua macho baada ya kuwasalimia nikaona ufa kwenye dari. Ulianzia juu ya dirisha ukaenda hadi karibu na mlango, na mezani chini yake kulikuwa na vumbi jeupe la plasta.

"Hii imekuwa hapa tangu lini?" nikauliza.

"Jana. Mjomba wako amesema ni plasta tu."

Sikutaka kuwatisha. Niliwaambia twende tukamenyee nje kwenye jua. Mama alinitazama usoni, akazima jiko, akawatoa wenzake.

Nyumba ile aliijenga marehemu baba. Aliiweka dari bapa ya zege akitumaini kuongeza vyumba juu siku moja, lakini hakujaliwa. Mwaka huu dada yangu aliachana na mumewe, naye Mama akasema watoto hawawezi kuhangaika ilhali yeye ana nafasi juu. Kazi yangu ni kuchora majengo katika ofisi moja Westlands, na nilijua kwamba dari ile haiwezi kubeba uzito mwingi. Tena ilikuwa imebonyea upande wa jikoni, na kuisawazisha kulihitaji tabaka nene. Ndipo nikachagua punje za povu, ile nyeupe wanayofungia televisheni isivunjike. Zikichanganywa na simiti na mchanga badala ya kokoto, zege huwa nyepesi sana. Injinia wetu alikagua hesabu zangu akaziafiki. Kazi nikampa mjomba, mdogo wake Mama, fundi wa mawe tangu ujana wake.

Nilipanda ngazi nikamkuta akinyunyizia maji sakafu mpya aliyoimwaga siku nne nyuma. Nikachukua nyundo yake na kugonga. Mlio ulikuwa mkavu na mzito. Nikaenda nyuma ya tangi la maji. Magunia ya punje yalikuwa pale, kumi na mawili, yamefungwa bado, isipokuwa moja.

"Mjomba, umeweka nini hapa?"

Alifunga mfereji kwanza.

"Kokoto, Mami." Huniita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Hiyo kitu yako nilijaribu. Inaelea kama povu ya sabuni. Simiti inabaki chini, hizo zinapanda juu. Sasa nilaze watoto wa dada yako juu ya povu?"

"Dari iko na ufa. Mama alikuwa chini yake."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sijawahi kumwona mjomba akikaa kazini.

"Nilikupigia simu," akasema. "Jumanne. Ukaniambia fuata karatasi."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa mkutanoni, nikanong'ona maneno hayo mawili na kukata simu, wala sikumpigia tena. Kwenye karatasi niliyompa niliandika vipimo tu. Sikuandika namna ya kuchanganya, kwa sababu nilidhani fundi mzoefu atajua. Hasira niliyopanda nayo ngazi ilikosa pa kukaa.

Nilimpigia injinia. Akasema tusiguse kitu juu kabla ya kushikilia dari kwa chini, kisha tubomoe kidogo kidogo kwa tindo, bila nyundo kubwa. Mjomba alileta nguzo za mbao kutoka kwa jirani. Nilitaka kuingia naye jikoni akakataa.

"Mimi ndiye niliweka uzito. Kaa mlangoni."

Alisimamisha nguzo moja baada ya nyingine, akizikaza kwa kabari, polepole. Kila akigonga, chenga za plasta zilimwangukia mabegani. Mama alisimama nyuma yangu ameshika mkono wangu, na nilisikia kucha zake. Nguzo ya sita ilipokazwa, mjomba alitoka, akaomba maji ya kunywa.

Tulibomoa hadi Jumapili jioni, na Mama hakwenda kanisani. Tulishusha vipande kwa ndoo, nami nikipanga rundo mbali na ukuta. Jumatatu injinia alipitia kwetu, akapima, akasema dari itapona lakini ufa uzibwe vizuri na nguzo zisitolewe mpaka aseme.

Tulianza upya tukiwa wawili. Nilimwonyesha mjomba jinsi ya kuzipaka punje uji mzito wa simiti kwanza, ndipo mchanga ufuate, na maji yawe machache. Mchanganyiko wa kwanza tuliutupa. Wa pili haukuelea. Aliunyanyua kwa koleo mara mbili tatu, akionja uzito wake, akaendelea kumwaga.

Vyumba vya juu vilikwisha, na dada yangu akahamia na watoto wake shule zilipofungwa. Mama alipikia uani karibu mwezi mzima, hata baada ya nguzo kutolewa. Alipohojiwa na wenzake wa kanisani alisema jikoni kuna joto. Mimi sikumsukuma. Asubuhi moja nilimkuta tu amerudisha meza mahali pake, chini ya dari iliyopakwa rangi upya, akichagua mchele.