Nusu ya Uso wa Mke Wangu

Mwaka tuliopata uhuru nilikuwa na studio ya picha mjini Mwanza, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Nilijulikana kwa upigaji wangu: taa moja kali pembeni, pazia jeusi nyuma, nusu ya uso inang'aa na nusu inazama gizani. Makarani na walimu waliupenda. Walisema unawafanya waonekane watu wenye mawazo mazito.

Mke wangu alikuwa anaumwa kifua. Tulikaa Mabatini, na binti yetu alikuwa hajaanza hata kutambaa. Adhuhuri moja mke wangu alikuja studio kwa miguu, amevaa gauni lake zuri, ambalo sasa lilimpwaya mabegani.

"Nipige picha," alisema akihema. "Mtoto aje anijue."

Nilijifanya sikuelewa. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikawa nasogeza taa huku na huku. Ugonjwa ulikuwa umemkausha. Upande wa kushoto niliuzamisha wote gizani. Wa kulia niliacha mwanga uguse jicho na pembe ya mdomo tu. Kisha nikamwomba atabasamu. Sikuwahi kufanya kazi kwa uangalifu kama siku ile.

Picha ilipokuwa tayari aliitazama kwa muda mrefu.

"Nzuri," alisema. "Lakini nusu yangu nyingine iko wapi?"

"Ndio mtindo wenyewe."

"Huo mtindo ni wa makarani. Mimi nipige na taa zote. Nimekonda, najua. Si kitu."

Nilimwahidi. Lakini sherehe za uhuru zilikuwa zinakaribia, na watu walimiminika hata kutoka Magu, wamevaa nguo mpya, kila mmoja akitaka picha. Nikamwambia asubiri wapungue. Huo ulikuwa uongo. Ningeweza kufunga mlango kwa robo saa. Niliogopa kumwona kwenye mwanga wote.

Alifariki wiki ile ile bendera mpya ilipopandishwa. Mama yake alivuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba, akakuta tumeshazika. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ambayo sikuisikia vizuri. Nikampa picha. Aliielekeza dirishani, akaigeuza, kisha akanirudishia.

"Kaa nayo, baba," alisema. "Mwanangu hakuwa mtu wa kujificha."

Nikaichukua, nikaitundika ukutani.

Binti yangu alipokuwa na miaka sita hivi, aliishusha picha ile ukutani, akaweka kidole karibu na mdomo wa mama yake.

"Baba, hapa ana kishimo cha shavu. Na upande huu mwingine alikuwa nacho?"

Nilifungua kinywa kujibu, nikakuta sijui. Nilikuwa nimeishi na mwanamke yule miaka minne, nimekula naye, nimemuuguza. Lakini nilikuwa nimeitazama picha ile mara nyingi mno, hata kila nilipomkumbuka alinijia na giza lile lile nililompa mimi.

Nilimwandikia bibi yake Bukoba kumuuliza. Jibu lilikuja kwa mkono wa mwalimu jirani yake, mistari michache tu: vilikuwa viwili, na cha kushoto ndicho kilichoingia ndani zaidi, alipokuwa mdogo walikuwa wakimtania kwa hicho.

Nilimsomea binti yangu barua ile. Salamu za mwisho alizisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, maana mimi nilishindwa.