Mbegu Waliyomlisha Mume Wangu

Mimi si mtu wa kumung'unya maneno, kwa hivyo nitasema wazi: mume wangu aliuawa na wateja wetu. Walikuwa wakinunua mbegu kwetu Malaba tangu tufungue duka, na wengine tulisali nao kanisa moja.

Mwaka huo mvua ilikuja vizuri lakini mahindi hayakuota. Ukifukua shimo unakuta punje iliyooza, au hukuti kitu. Na kwa kuwa huku mpakani kuna walaghai wanaopaka rangi mahindi ya kusaga na kuyauza kama mbegu, watu wakaamua kuwa sisi ndio hao. Mume wangu aliwaonyesha kibandiko kwenye pakiti: unakikwangua, unatuma namba kwa simu, unajibiwa kama mbegu imeidhinishwa. Jibu likaja kwamba ni halali. Wakasema hata simu inahongwa.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwita mkaguzi wa mbegu wa serikali. Mkaguzi alichukua pakiti kadhaa, akazifunga kwa lakiri, akatueleza kwamba huko maabara punje hulazwa kwenye karatasi yenye unyevu, kisha husubiriwa siku kadhaa ndipo ijulikane ni ngapi zimeota. Akawasihi watu wavute subira. Mume wangu alikuwa tayari kungoja. Jina lake ndilo lililokuwa likipimwa, na likichafuka tusingeuza hata kamba.

Hawakungoja. Siku ya soko walikuja na mipini ya majembe. Walivunja vioo kwanza, kisha mkono wa mume wangu; niliusikia mfupa nikiwa nyuma ya kaunta. Wakamburuta nje kwa ukosi wa shati. Nilimrukia mmoja wao nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu, nikapigwa jiwe la sikio, nikaanguka. Kutoka pale chini nilimwona jirani yetu wa shamba, mtu mpole wa kwaya, akipasua pakiti kwa meno na kumimina zile punje nyekundu kiganjani.

"Kama ni rangi tu ulipaka, haiwezi kukufanya kitu," alimwambia. "Kula tuone."

Mume wangu alisema rangi ile ni ya dawa ya wadudu iliyopakwa mbegu. Alilia akilisema hilo, mtu mzima, mbele ya soko zima. Jirani akamshika taya, mwingine akamziba pua, wakamjaza kiganja baada ya kiganja huku wakimpiga mateke ya tumbo ili ameze. Niliwachukia wakati ule, na chuki hiyo ninayo hadi leo, sijaipunguza hata kidogo. Povu likaanza kumtoka mdomoni, mwili ukatetemeka, akajiendea haja. Ndipo wakatawanyika. Alifia hospitali ya Kocholia wakiwa bado wanamsafisha tumbo.

Majibu ya maabara yalifika tukiwa tumeshamzika. Polisi walikuwa hawajamshika mtu, maana kila aliyeulizwa alisema siku hiyo hakwenda sokoni. Mkaguzi akawakusanya watu mbele ya duka akawasomea: mbegu ni halisi na imeota vizuri. Kisha akawauliza, kwa upole ambao mimi nisingeuweza, walipandaje. Mama mmoja akaeleza kwamba msimu uliopita kuku wao walikufa kwa kudonoa mbegu ya dukani, kwa hivyo safari hii walikubaliana kuiosha kwa sabuni, kwenye beseni, mpaka maji yatoke safi. Mkaguzi akafumba macho. Akawaambia kwamba ile dawa ndiyo iliyokuwa ya kuzuia mchwa na kuoza, na wao waliimwaga pamoja na maji.

Jirani yetu alikuwa amesimama nyuma kabisa. Nilipita katikati ya watu nikamwendea, wakanipisha. Nilimuuliza kama naye aliosha ya kwake.

"Niliosha, mama," akasema. "Niliogopa hiyo dawa."