Mlango, Mwambie Baba

Dada yangu mkubwa alinitaka nimwahidi kwamba sitakubali kupimwa na mkwe wangu, nami nikamwahidi. Ilikuwa mchana, tumekaa uani tunapukuchua mahindi. Hakuna aliyenishikia panga. Nilimaliza kidato cha nne, na neno hapana nalijua tangu utotoni. Nikasema, "Sawa, dada," nikaendelea kupukuchua.

Mkwe huyo ni mke wa mwanangu wa pili, dereva wa lori ambaye nusu ya maisha yake iko Tunduma, kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Kwetu huku Ileje, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Akiniona njiani, anaingia kwenye mahindi mpaka nipite. Nikiwa sebuleni, yeye haingii. Hata bafu hatuchangii: langu ni la mabua, nyuma ya banda la mbuzi, na hakuna mwingine anayeoga wala kujisaidia haja ndogo mle. Siku hizi wengi wameyaacha hayo, na kanisani sijasikia yakihubiriwa. Nyumbani kwetu tuliyashika kwa sababu dada yangu aliyashika, na dada ndiye aliyetulea mama alipofariki. Neno lake kwangu lilikuwa zito kuliko langu mwenyewe.

Kutotazamana si kuchukiana. Binti yule alikuja kwetu na cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri za bayolojia na kemia, na mimi ndiye niliyesema cheti kile kisiishie kufunikia mtungi. Nilimtuma mke wangu akamuulize kama angependa kusoma. Mke wangu alirudi akicheka. "Anasema fomu ameshaijaza, alikuwa anatafuta pa kuanzia." Akaenda chuo cha afya, kozi ya miaka miwili ya tabibu msaidizi.

Likizo zake zilikuwa raha ya nyumba nzima. Alirudi na kipima presha, kipimo cha sukari na madaftari, na kila mtu akageuka mgonjwa wake. Mke wangu alilazwa kwenye mkeka jikoni karibu kila siku.

"Mama, vuta pumzi."

"Nimevuta."

"Vuta tena, kwa nguvu."

"Mwanangu, nikivuta tena nitameza paa."

Jirani yetu mmoja alikuja kupimwa presha mara nne kwa wiki. Akiambiwa iko sawa, anaondoka kifua mbele kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mimi nilikuwa nje. Jiko letu lina mlango wa mbao unaofungukia uani, na benchi langu liko ubavuni mwa mlango huo, upande wa jua. Kutoka hapo nilimsikia akikariri. Siku moja alikuwa anataja dalili za homa ya uti wa mgongo: homa, kichwa kuuma, kutapika, mwanga kuumiza macho... Akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale. Mimi nilikuwa nimezisikia dalili hizo wiki nzima, nikashindwa kuvumilia. Nikaugeukia mlango.

"Mlango," nikasema, "shingo inakakamaa."

Nikadhani nimeharibu. Kisha sauti yake ikatoka, ndogo, "Mlango, mwambie baba asante."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya, mlango umefaulu! Bado mwanafunzi."

Tangu siku ile mlango ukawa mjumbe wetu. Alikuwa akipenyeza maswali ya mitihani iliyopita chini ya mlango, mimi navaa miwani na kuuliza, yeye anajibu. Kiingereza changu cha kidato cha nne, kilicholala miaka yote niliyokuwa karani wa ghala la kahawa, kikaamka na kujinyoosha. Nikimkosoa, anasema, "Mlango, mwambie baba hapo kitabu kinasema vingine." Mara nyingi kitabu kilikuwa upande wake. Sikumbuki kipindi nilichokuwa na furaha zaidi tangu nistaafu.

Mwaka wake wa pili alipangiwa mafunzo ya vitendo kwenye zahanati ya hapa kijijini, wiki sita. Tulifurahi, angelala nyumbani. Jioni moja tulikuwa kwenye kisukari. Mimi nauliza, yeye anataja: kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, mwili kupungua, ganzi miguuni, kidonda kisichopona. Nilikuwa nimeshika kikombe cha tatu cha maji. Ndani ya buti langu la mvua kulikuwa na kidole chenye kidonda, kilichochunwa na kokoto zaidi ya wiki tatu nyuma. Hakikuuma hata kidogo. Nilikuwa nimejisifu kwa hilo, kwamba mzee bado ana ngozi ngumu.

"Mlango," nikasema, "mwambie amepata zote."

Kilichoniumbua ni sisimizi. Mke wangu alikwenda kufagia bafuni kwangu, akakuta wamejipanga mstari mrefu pale ninapokojoa. Alirudi jikoni akisimulia kama kichekesho. Mkwe hakucheka. Aliuliza mara mbili, "Mama, bafu la baba? La baba peke yake?" Katika nyumba nyingine angebaki kujiuliza ni mkojo wa nani. Katika nyumba yetu, desturi ilikuwa imeshajibu.

Kesho yake, dada yangu akiwa amekuja kututembelea, mke wangu alitoka jikoni na ombi. "Mtoto anaomba akupime sukari. Mkono wako nitaushika mimi, kidole nitakitoboa mimi, ameshanifundisha. Yeye atakaa nyuma ya mlango, nampelekea tone kwenye kijiti, anasoma namba. Basi."

Alikuwa ameifikiria yote. Hakuna tuliyekuwa tunamvunjia heshima.

"Na hiyo damu?" dada akauliza. "Ya nani?"

"Ya mume wangu huyu... ya mdogo wako, wifi," mke wangu akababaika.

"Kwa hiyo mkwe ataitazama damu ya baba mkwe wake. Uso hautazami, damu anatazama!" Akanigeukia. "Wewe mdogo wangu, nimekulea. Niahidi hutanitia aibu hiyo."

Hapo ndipo niliposema sawa. Kisha nikauambia mlango, kwa sauti ya uchangamfu, "Mlango, mwambie asante. Mimi mzima."

Alipojibu, sauti haikuwa ndogo tena. "Mlango, mwambie baba kwamba mtu mzima hafuatwi na sisimizi."

Dada alisema binti amekosa adabu. Mimi nilijua amekosa subira tu, maana muda wangu alikuwa anauona unapita.

Nimemlaumu dada yangu kimoyomoyo kwa muda, na si haki. Desturi haikunizuia kupanda bodaboda asubuhi moja kwenda zahanati nyingine, ambako wangenipima watu nisiowajua. Sikwenda kwa sababu niliiogopa namba. Desturi ilinipa mahali pazuri pa kujificha, pana heshima, na watu wananisifu nikiwa mle ndani. Nilijiambia nitapimwa akimaliza wiki zake sita na kurudi chuoni. Buti sikulivua mbele ya mke wangu. Maswali tuliendelea kuulizana mlangoni, ila kisukari nilikiruka, naye hakunikumbusha. Kila alipomaliza alisema tu, "Mlango, mwambie baba zahanati inafunguliwa saa mbili."

Alipoondoka nilikwenda. Kidole kilikuwa cheusi na weusi umeshapanda. Zahanati wakanipeleka hospitali kubwa siku ileile.

Mkwe alinikuta wodini, ametoka chuoni moja kwa moja na sare yake. Dada alikuwa ameketi kando ya kitanda. Muuguzi alikuwa anaanza kunibadilishia bandeji, na mkwe akasimama mlangoni amegeuza uso, kama alivyozoea. Dada alimtazama kitambo.

"Mwanangu," akasema, "ingia. Mfunge baba yako bandeji."

Akaingia. Alinawa mikono, akavaa glavu, akainama. Mikono ilikuwa imara, lakini mazoea hayafi siku moja. Aliutazama mlango wa wodi akasema, "Mlango, mwambie baba asitikisike." Muuguzi alituona vichaa.

Sasa yeye ni tabibu msaidizi kamili, na zahanati yake haiko mbali. Mwisho wa juma anakuja, anakaa benchi lilelile nami, ananipima sukari na kunigombeza usoni. "Baba, hii ni chai au asali?" Namtazama. Ana kovu dogo juu ya jicho ambalo sikuwahi kujua analo. Dada naye hupimwa presha, na akiambiwa iko sawa anaondoka kifua mbele. Nakula vizuri, nalala vizuri, nyumba ina kicheko.

Shamba langu la kahawa liko bondeni, na njia yake ni mteremko mkali ambao magongo hayaumudu. Naletewa punje mkononi nizione zilivyoiva. Ile "sawa, dada" ilinigharimu mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti.