Mpaka Majani Yalie

Juzi nilinunua juisi ya ndizi kule Kashai, ya chupa ya plastiki. Muuzaji akanieleza kuwa siku hizi wanakamua kwa mashine, dakika chache tu. Nikainywa nimesimama palepale dukani. Tamu, sibishi. Lakini miguu yangu, ndugu yangu, ilianza kuchezacheza yenyewe.

Kwetu Muleba, miaka ya ujamaa, juisi hiyo tuliiita omulamba na tuliikamua kwa miguu. Ndizi mbivu zilimenywa, zikawekwa pamoja na majani ya nyasi ndani ya mtumbwi uliochongwa kwa kazi hiyo, kisha mwanamume akanawa miguu na kuingia kuzikanyaga. Babu alinifundisha kwa maganda matupu. Kila Jumamosi wenzangu wakicheza mpira, mimi nilikuwa mtumbwini nakanyaga uchafu, naye ananiimbia: "Kisigino. Vidole. Geuza." Mwisho aliongeza, "Usitoke mpaka majani yalie." Nilipouliza majani yanaliaje, alijibu, "Kisigino." Nilimchukia kwa hilo, nasema kweli.

Ikafika siku ambayo wakwe wa dada yangu walitarajiwa kesho yake kuleta posa. Omulamba ulitakiwa ukamuliwe asubuhi ile, utiwe mtama, ulale, uwe lubisi, pombe yetu ya ndizi. Mkwe hakaribishwi kwa maji. Baba alikuwa kwenye shamba la ujamaa na ruhusa hakupata. Babu mguu wake ulikuwa umevimba. Na ndizi zilizokuwa zimeiva ni zile tu.

Dada ndiye aliyeninawisha miguu. Alisugua kila kidole, kisha akarudia tena.

Nikakanyaga. Ndizi zikawa uji mzito, zikaning'ang'ania nyayo, wala tone la juisi sikuliona. Jua likapanda. Mapaja yakaniwaka moto. Jirani yetu akachungulia, akasema, "Hizo zimeshaharibika. Mtoeni mtoto, aitwe mtu mzima."

"Mwache," babu akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Kisigino. Vidole. Geuza."

Halafu akanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana sikuwahi kuwa mtumbwini bila sauti yake. Nilijua nimeharibu posa ya dada. Nilitaka kutoka nikimbilie migombani, lakini miguu ilikuwa haiko tena chini ya amri yangu. Ilikanyaga tu, kama Jumamosi yoyote.

Ndipo nikasikia chini ya unyayo: kwii. Kidogo sana. Tena, kwii. Nyasi zilikuwa zinateleza, zinalia, na maji ya uvuguvugu yakanipanda mpaka vifundoni. Dada akajifunika uso kwa khanga.

"Umesikia?" babu akauliza.

"Nimesikia, waitu," nikajibu, kama anavyojibiwa mkubwa kwetu.

"Basi Jumamosi turudi kwenye maganda."

Wakwe walikuja, wakanywa, dada akaolewa. Mtumbwi wenyewe ulipasuliwa kuni miaka mingi baadaye, kwenye msiba wa babu, watu walipokuwa wengi na mvua haikatiki.

Jioni ya juzi niliwasimulia wajukuu zangu, nikawapa maagizo yote, neno kwa neno kama nilivyopewa. Wakacheka. Mdogo wao akauliza, "Babu, majani yanaliaje?"

Nikafungua kinywa kumweleza. Nikajikuta nasema, "Kisigino."

Na maganda ya kumkanyagisha sina.